Usugu si Ukali: Jinsi ya Kuwasaka Vijidudu vya Hospitali kwa Labo Ndogo ya Bukavu

Kila mwaka, msimu wa staji ukifika, ananijia kijana mwenye daftari jipya na koti jeupe ambalo bado lina mikunjo ya dukani. "Mama Labo, mwalimu amenipa mada. Bakteria sugu na wakali wa hospitalini." Namwuliza: sugu kwa dawa ipi? Wakali kwa nani? Anatazama dirishani kana kwamba jibu linaelea ziwani. Hapo namvutia kiti, namwambia afunge daftari kwanza.

Ninayoandika hapa ndiyo ninayowaambia wakiwa kwenye kile kiti. Nina miaka 24 katika kazi hii, yote hapa Bukavu, mashariki ya Kongo, na labo yangu ni chumba kimoja na nusu. Ile nusu ni ya kuoshea vyombo. Tuna etivu moja ya kuoteshea vijidudu kwenye joto, darubini mbili ambazo moja ndiyo nzima, firigo, na chungu cha presha cha kutakasia. Mashine ya kusoma jenomu, yaani DNA yote ya kijidudu, hatuna. Kwa vitu hivyo utafiti wa kweli unawezekana, mradi ukubali kufanya mambo machache na kuyafanya sawasawa.

Tenga maswali mawili

Usugu ni kijidudu kutokufa kwa dawa. Ukali ni nguvu yake ya kumdhuru mtu. Watu huvichanganya kila siku, hata madaktari wakiwa wamechoka. Mbwa asiyeogopa fimbo si lazima awe ndiye anayeuma. Na anayeuma huenda ukamwonyesha fimbo mara moja akakimbia.

Nitamfuata Klebsiella pneumoniae mwanzo hadi mwisho, maana ndiye tunayekutana naye sana na ndiye anayeonyesha tofauti hiyo vizuri. Yule wa kawaida wa hospitalini huishi tumboni mwa watu bila fujo, akimngojea aliye dhaifu: mtoto aliyezaliwa kabla ya siku zake, mgonjwa mwenye mpira wa mkojo, mama aliyepasuliwa. Ukali wake ni mdogo, usugu wake ni mkubwa. Kisha kuna mwingine, aliyeelezwa kwanza Taiwan mwaka 1986. Huyu humwingia mtu aliyekuwa anatembea na afya yake, akamfanyia jipu la ini, na mara nyingine akasambaa hadi jichoni au kwenye ubongo. Kwa miaka mingi alikufa kwa dawa za kawaida. Mkali, lakini si sugu.

Shida ni kwamba hao wawili wameanza kuazimana. Jeni nyingi za usugu na za ukali hukaa kwenye plasmidi, vipande vidogo vya DNA ambavyo kijidudu kimoja humpitishia mwenzake. Mwaka 2016, katika hospitali moja ya Hangzhou, China, wagonjwa 5 wa chumba cha mahututi walipata Klebsiella mwenye vyote viwili, na wote 5 walikufa; taarifa ilichapishwa 2018. Katikati ya 2024 Shirika la Afya Duniani, sisi tunasema OMS, lilitoa tahadhari: nchi 16 ziliripoti Klebsiella mkali, na 12 kati yake zilikuwa na ukoo uitwao ST23. Mwaka huohuo OMS ilipoandika upya orodha ya bakteria wanaohitaji dawa mpya, Klebsiella anayeshinda dawa za kundi la karbapenemu, kama imipenemu na meropenemu, aliwekwa juu kabisa.

Kwa hiyo swali lako liandike kwa mistari miwili, si mmoja. Wa kwanza: katika Klebsiella niliowatoa kwenye servisi (wodi) hii, ni wangapi wanashinda dawa gani? Wa pili: ni wangapi wana dalili za ukali? Ukishayajibu kila moja peke yake, ndipo uangalie nani yuko kwenye orodha zote mbili. Ukianza na "sugu na mkali" kwa pamoja utamkosa yule anayeua na bado anatibika kwa seftriaksoni, antibiotiki ya kawaida.

Sampuli: hapa ndipo wengi wanapopotea

Maambukizi ya hospitali kwa kawaida huhesabiwa yakianza saa 48 au zaidi baada ya mgonjwa kulazwa. Bila tarehe na saa ya kulazwa huwezi kusema hospitali ndiyo iliyompa. Nimeona kazi ya kumaliza masomo yenye kurasa 80 ambayo mwenye nayo hakuandika tarehe ya kulazwa hata ya mgonjwa mmoja. Juri walimwuliza swali moja tu, akakaa chini.

Damu ichukuliwe kabla ya dozi ya kwanza ya antibiotiki, au kama tayari ameanza, kabla tu ya dozi inayofuata. Mtu mzima, mililita 8 hadi 10 kwa kila chupa, na chupa mbili kutoka mikono miwili tofauti. Mtoto mchanga, mililita 1 ni ya kushukuru. Futa kifuniko cha chupa kwa alkoholi, kisha ngozi, na ungoje ngozi ikauke. Kungoja huko ndiko kunakowashinda wauguzi wenye wagonjwa 30. Usiwakaripie, shika saa wewe. Bakteria wa ngozi wakiota katika chupa moja tu kati ya mbili, mara nyingi ni uchafu wa sindano.

Kidonda: usipake pamba juu ya usaha wa jana. Kioshe kwa maji ya chumvi safi, kisha vuta usaha wa ndani kwa sindano. Mkojo wa mwenye mpira: usiuchote kwenye mfuko, maana mule vijidudu vimekaa tangu asubuhi vikizaana. Bana mpira, safisha, chota kwa sindano kutoka kwenye mpira wenyewe.

Na ruhusa. Kamati ya maadili ya chuo chako ikutie sahihi kwanza, kisha mwenye mtoto akubali. Usimsomee karatasi ya Kifaransa. Mwambie hivi: "Mama, tunaomba damu kidogo ya mtoto, tutafute ni kijidudu gani kinamletea homa. Ukikataa, matibabu yataendelea vilevile." Kama anasikia Mashi, lugha ya huku, zaidi, mtafute muuguzi anayesema Mashi, na si yule mwenye haraka. Kwenye daftari lako andika namba. Jina la mtoto libaki kwenye fomu ya servisi.

Chungu cha presha na mlima wetu

Hili hutaliona kwenye kitabu kilichoandikwa na mtu wa pwani. Bukavu iko kwenye mita 1,500 hivi juu ya bahari. Hapa maji huchemka kwenye nyuzi 95 hivi, si 100. Ndiyo maana maharage yetu hula makaa. Na chungu cha kutakasia hudanganywa na mlima uleule.

Kitabu kinasema: pandisha mpaka geji isome bari 1, au paundi 15, ndipo utapata nyuzi 121. Geji hupima presha iliyozidi ile ya hewa ya nje, na hewa yetu ya nje ni nyepesi. Kwa hiyo ukisimama kwenye paundi 15 hapa Bukavu, ndani kuna kama nyuzi 118. Inaonekana tofauti ndogo, lakini mbegu ngumu za bakteria zinaijua. Sisi tunapandisha geji hadi bari 1.2, ndiyo paundi 17 na nusu hivi, mradi chungu chenyewe kimeandikwa kuwa kinaruhusu. Kama kina kipimajoto, amini kipimajoto uiache geji. Na kabla ya kufunga vali, acha mvuke utoke kwa nguvu dakika kadhaa ufukuze hewa yote, maana hewa iliyobaki ndani hupunguza joto hata geji ikisoma vizuri.

Dakika 15 kwa agari, ile jeli ya kuoteshea vijidudu. Angalau 30 kwa bwati (visahani vya kuoteshea) zilizotumika, zikiwa hazijasongamana. Saa ianze kuhesabu joto likishafika, si pale unapowasha.

Kumwotesha na kumtambua

Kwa Klebsiella unahitaji agari mbili: MacConkey na ya damu. Damu iwe ya kondoo, asilimia 5. Chupa iliyopita muda kutoka benki ya damu usiiguse hata ukiombwa kwa upole. Ina sitrati, pengine ina mabaki ya antibiotiki na kinga za mtu, na inaweza kukupa virusi. Sisi kuna kondoo wa jirani. Anachukuliwa damu kidogo shingoni kwenye chupa iliyotakaswa yenye shanga za kioo, inatikiswa dakika 10 isigande, naye anarudi kula majani. Jina lake ni Profeseri.

Siku ya pili kwenye MacConkey Klebsiella huwa wa waridi, mkubwa, mwenye kung'aa kama uji uliomwagika. Wanafunzi wakimwona wanaandika jina lake mara moja. Ngoja. Rangi ya waridi inasema tu kwamba anakula laktosi. Enterobacter naye anakula, na E. coli pia ingawa wa kwake huwa mkavu zaidi. Piga rangi ya Gram, ileile ya Mdenmaki Hans Christian Gram ya mwaka 1884: utaona vijiti vifupi vinene vyekundu. Kisha vipimo vya kemia. Oksidesi hasi. Indoli hasi, ikiwa chanya, fikiria ndugu yake K. oxytoca. Sitrati chanya, urea chanya ingawa hujivuta, na hatembei. Hicho cha kutotembea ndicho kinachomtenga na Enterobacter wengi. Tukimaliza hapo ndipo tunaandika jina, tena kwa penseli.

Antibiogramu, na shahidi wake

Antibiogramu ni kipimo cha kujua dawa ipi inamwua kijidudu. Njia ya diski, vikaratasi vya duara vyenye dawa, ni ya mwaka 1966, ya Bauer, Kirby na wenzao, na bado ndiyo inayolisha nusu ya dunia. Ni rahisi, na ukiifanya ovyo inadanganya bila haya.

Agari ni ya Mueller-Hinton, unene milimita 4. Kwenye bwati ya milimita 90 mimina mililita 25 juu ya meza iliyonyooka. Meza yetu haikuwa imenyooka. Tuliigundua kwa glasi ya maji, tukaweka kipande cha kandambili chini ya mguu mmoja. Agari nyembamba hupanua duara la dawa, yaani eneo ambalo kijidudu hakuota, na kijidudu sugu ataonekana mpole. Nene hulifinya, na mpole ataonekana sugu.

Chukua vichipukizi (vilima vya vijidudu vilivyoota) 3 hadi 5 vinavyofanana, vivuruge ndani ya maji ya chumvi asilimia 0.85 hadi ukungu wake ulingane na kiwango cha McFarland 0.5. Ni kama vijidudu milioni 150 kwa mililita. Kiwango chenyewe kinatengenezeka: mililita 0.05 ya bariamu kloridi asilimia 1.175, na mililita 9.95 ya asidi ya salfuriki asilimia 1, kwenye tyubu yenye kioo na upana sawa na ile unayotumia. Funga kabisa, weka gizani, itikise kila unapoitumia. Linganisha mbele ya karatasi yenye mistari myeusi, kwenye mwanga wa dirisha. Usilinganishe kwa macho ya saa kumi jioni.

Baada ya hapo kuna robo saa tatu: ndani ya dakika 15 uwe umepaka bwati, ndani ya 15 nyingine diski ziwe zimekaa, ndani ya 15 nyingine bwati iwe ndani ya etivu. Paka mara tatu, kila mara ukizungusha bwati. Diski zikae milimita 24 kati ya kitovu na kitovu, zisizidi 5 au 6 kwa bwati ndogo, na iliyogusa agari usiihamishe. Nyuzi 35, saa 16 hadi 18. Tunapokatiwa umeme usiku tunahamishia bwati kwenye glasyeri, sanduku la kutunzia baridi au joto, yenye chupa za maji ya moto na kipimajoto. Usiku wa Bukavu una baridi, na kijidudu aliyepatwa na baridi huota kidogo, duara likatanuka, ukamwita mpole.

Sasa shahidi. Kila unapofanya antibiogramu, au angalau kila wiki na kila unapofungua kopo jipya la diski, fanya pia ya E. coli ATCC 25922. Huyu ni kijidudu anayejulikana dunia nzima na tabia zake zimeandikwa. Seftriaksoni lazima impe duara la milimita 29 hadi 35. Jentamisini 19 hadi 26. Imipenemu 26 hadi 32. Akitoka nje ya hapo, kosa ni lako, na majibu yote ya wagonjwa ya siku hiyo yasitoke.

Najua kwa nini nasema hivi. Miaka kadhaa nyuma, katika hospitali ambayo siitaji, shahidi wetu alikuwa amekufa kwenye firigo na sisi tukaendelea na kazi. "Tutaagiza mwingine." Wiki ileile kwenye vidonda vya maternite wakatoka Klebsiella wanne mfululizo wakionekana kuishinda imipenemu. Nilifurahi, nakiri, furaha ya mtu aliyepata kitu cha kuandika. Niliandika jibu kwa kalamu nyekundu. Mgonjwa mmoja alikuwa mama aliyepasuliwa, na dokta kwa jibu langu akaandika kolistini, dawa ya akiba ya mwisho. Wifi yake alizunguka famasi za Ibanda kutwa nzima, mwishowe dawa ikaja kutoka ng'ambo ya mto Ruzizi, Rwanda, na vitenge vya ndoa ndivyo vilivyouzwa.

Shahidi mpya alipofika, duara lake la imipenemu lilikuwa milimita 19. E. coli ambaye hajawahi kuishinda dawa yoyote katika dunia hii! Tulitafuta chanzo siku mbili. Firigo ilizima wikiendi nzima, mlinzi akaiwasha Jumatatu alfajiri kabla hatujafika, na hakuna aliyejua. Imipenemu na klavulaniti ndizo dawa za diski zinazoharibika mbio zaidi kwa joto na unyevu. Diski zilikuwa zimekufa. Wale Klebsiella wanne walikuwa wanakufa kwa imipenemu kama kuku. Mama yule alipona, lakini kolistini ni dawa inayoumiza figo, na alirudi kupimwa figo kwa wiki kadhaa. Mimi ndiye niliyemchukua damu kila mara. Sikumwambia yote, nilimwambia dokta, na dokta akamwambia.

Tangu siku hiyo katika sehemu ya kugandishia ya firigo kuna kikombe cha barafu chenye sarafu juu yake. Barafu ikiyeyuka na kuganda tena, sarafu inakuwa imezama, na diski zinaenda kwenye taka bila mjadala. Za akiba kaa nazo kwenye nyuzi 20 chini ya sifuri, za kutumia kwenye nyuzi 2 hadi 8 pamoja na kifuko cha kukausha, na zitoe saa 1 kabla ya kufungua kopo ili zisitoe jasho.

Vipimo viwili vya usugu vinavyokufaa

Cha kwanza ni cha vimeng'enya vinavyovunja seftriaksoni na ndugu zake, ESBL. Weka diski ya amoksisilini na klavulaniti katikati, pembeni yake seftriaksoni na seftazidimu, milimita 20 kutoka kitovu hadi kitovu. Kesho yake, duara la seftriaksoni likinyooshwa kuelekea ile ya katikati, kama mtu anayevutwa shati, umempata. Klavulaniti imemziba kimeng'enya mdomo.

Cha pili ni cha karbapenemesi, vimeng'enya vinavyovunja karbapenemu, na ndicho ninachokipenda kwa sababu hakihitaji karibu kitu. Kinaitwa mCIM. Kijidudu unachomshuku, kitanzi cha maikrolita 1, unamweka kwenye mililita 2 za mchuzi wa kuoteshea wa soya (TSB, si ule wa chakula) na diski moja ya meropenemu ya maikrogramu 10. Saa 4 kwenye nyuzi 35. Kisha unaitoa diski, unaikamua kwenye ukingo wa tyubu, unaiweka juu ya bwati iliyopakwa shahidi wetu, E. coli 25922. Kama kijidudu ameivunja dawa, kesho shahidi atakuwa ameota hadi karibu na diski: duara la milimita 6 hadi 15 ni chanya. Kuanzia 19 ni hasi. Kati ya 16 na 18, rudia, usibuni.

Kolistini usiipime kwa diski. Ni molekuli kubwa, haitembei vizuri ndani ya agari, na duara lake halina maana. Iache kwa labo yenye visahani vya kupimia dawa iliyozimuliwa ndani ya mchuzi.

Ukali: mtihani wa uzi

Chukua kitanzi, gusa kichipukizi cha usiku mmoja kwenye agari ya damu, inua polepole. Akifuata kitanzi kama dongodongo (bamia), kwa uzi unaozidi milimita 5, ni chanya. Hauna gharama yoyote, na wanafunzi huupenda hadi wanasahau maana yake.

Maana yake ni kwamba ana utelezi mwingi, basi. Utelezi huo humsaidia kuzikwepa chembe za kinga, na wengi wa wale wakali wanao. Lakini nimeona Klebsiella wenye uzi wa kuanikia nguo kutoka kwa mtu asiye na homa, na wakali wengine hawana uzi kabisa. Kinachotambulisha ukali zaidi ni jeni: rmpA na rmpA2 za utelezi, na iuc inayotengeneza aerobaktini, kamba ya kuibia madini ya chuma kwenye damu ya mgonjwa. Hizo utazipata kwa PCR, njia ya kuzidisha kipande cha DNA, au kwa kusoma jenomu. Kwenye daftari andika "uzi chanya". Usiandike "mkali".

Ongeza na habari za kitandani, kwa sababu ukali huonekana kwa mgonjwa kabla haujaonekana kwenye bwati. Je, alikuwa mzima kabla? Ana jipu la ini? Jicho linauma? Amekuja nalo kutoka nyumbani au amelipatia hapa? Dokta akikwambia ana jipu la ini na uzi ukawa chanya, huyo ndiye wa kutuma kwanza hata kama anakufa kwa kila dawa uliyo nayo.

Kuhifadhi na kutuma

Weka kijidudu kwenye mchuzi wenye gliseroli asilimia 20, nyuzi 80 chini ya sifuri. Huna? Sisi pia hatuna. Mchome ndani ya tyubu ya agari ya kawaida yenye kifuniko cha parafujo, funga, weka gizani kwenye joto la chumba. Klebsiella huvumilia hivyo kwa miezi. Andika namba kwenye tyubu yenyewe, si kwenye kifuniko. Vifuniko hubadilishana.

Safari ni ya vifungashio vitatu: tyubu, kopo lisilovuja lenye pamba ya kufyonza, sanduku gumu, na alama ya UN3373, ya sampuli za kibiolojia, nje. INRB ya Kinshasa, taasisi ya taifa ya utafiti wa tiba, na watu wake walisoma jenomu za Ebola hukuhuku mashariki wakati wa mlipuko wa 2018 hadi 2020, kwa hiyo asikwambie mtu kwamba kusoma jenomu si kazi ya Kongo. Jenomu ikisharudi, programu ya bure iitwayo Kleborate itampa Klebsiella wako alama mbili: ukali kutoka 0 hadi 5, usugu kutoka 0 hadi 3. Mbili, kila moja na safu yake. Nilipoiona mara ya kwanza nilicheka peke yangu, maana ndivyo nilivyokuwa nikiwapigia kelele wanafunzi miaka yote.

Hesabu, na kurudi servisi

Tumia WHONET, programu ya kuhesabu antibiogramu, nayo ni ya bure. Kijidudu cha kwanza tu kwa kila mgonjwa, la sivyo mgonjwa mmoja aliyelala miezi 2 atakujazia jedwali. Ukiwa na chini ya 30 wa aina moja, usiandike asilimia. Andika "7 kati ya 11", msomaji ana akili.

Na majibu usiyafungie kwenye kazi yako ya kumaliza masomo. Mwaka mmoja tulipata Klebsiella watano wa watoto wachanga wenye antibiogramu ileile na uzi uleule. Hiyo haithibitishi kuwa ni ukoo mmoja, ila inatosha kumfanya mtu ainuke kitini. Nilikwenda na mwanafunzi wangu na pamba 20: sinki, mpira wa kunyonyea makamasi, mizani, mikono ya waliokubali, na chupa moja ya maji ya chumvi iliyokuwa wazi dirishani, ambayo kila zamu ilichota humo kusafishia mipira ya sindano. Bakteria wetu alitoka kwenye ile chupa tu. Hatukumtaja mtu. Tulimwonyesha mkuu wa servisi bwati ikiwa imefungwa kwa utepe, akaitazama sana, akauliza, "Sasa hii, Mama Labo, iko ya leo?" Nikamwambia ni ya juzi. Akaenda mwenyewe dirishani, akaichukua chupa, akaimwaga.

Tulichukua pamba tena wiki iliyofuata na iliyofuata hiyo. Fanya hivyo na wewe: panga tarehe za kurudi kabla hujaondoka servisi, uzipige kwenye ukuta wa labo, na agari za siku hizo uzimimine mapema, ukiwa na umeme.